Kukojoa kila saa na dozi za UTI hazisaidii: anza na kopo, dawa baadaye

Kama unaenda chooni kila nusu saa, usiku unaamka mara nne, umeshameza cipro, umeshameza azuma, umeshachomwa sindano za siku tano na bado hali ni ile ile, basi kabla hujanunua dozi ingine naomba ujibu swali moja ambalo watu wengi hawajawahi kuulizwa: ukikojoa, unatoka kiasi gani? Sio mara ngapi, kiasi gani. Anayeenda mara kumi na tano anatoa robo kikombe ana tatizo la kibofu au njia ya mkojo, na anayeenda mara kumi na tano kila mara anajaza kopo tatizo lake liko juu zaidi, mwili wenyewe unatengeneza mkojo mwingi, huyo ukimpa dawa ya bakteria unampotezea hela na muda tu.

Ma mdogo wangu alitibiwa UTI karibu mwaka mzima kwenye zahanati moja ya mtaani, kila akirudi anaambiwa wadudu wamebaki. Siku alipobahatika kukutana na nesi mtu mzima kituo kingine, yule nesi akamuuliza, "Mama, ukikaa chooni unatoka mwingi au unadondoka?" Akajibu, "Mwingi mwanangu, mpaka najishangaa, na maji nayo nakunywa usiku kucha." Akatobolewa kidole palepale, sukari 19. Mwaka mzima hakuna aliyempima sukari, na kipimo chenyewe ni cha dakika moja.

Kawaida ni ipi kwanza

Mtu mzima anayekunywa vizuri anakojoa kama mara 6 mpaka 8 toka aamke mpaka alale, usiku hamna kabisa au mara moja. Ukishakuwa mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea kuamka mara moja hata mbili sio ajabu. Kibofu kinabeba kama mililita 300 mpaka 500, na mkojo wa siku nzima kwa wengi unakuwa kati ya lita 1 na 2. Usizichukue namba hizi kama sheria, fundi anayeshinda juani anaweza kwenda mara nne tu na yuko salama, mwingine kazaliwa na mazoea ya kwenda mara tisa na hana ugonjwa. Cha kuangalia ni hiki: je kuna kitu kimebadilika, na je kinakusumbua?

Kupima, siku tatu

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, pata bomba la sindano la mililita 20 famasi (bila sindano yake), mimina maji mabomba matano, hapo ni mililita 100, chora mstari kwa makapeni, endelea hivyo hivyo mpaka 600. Hilo ndo kopo lako, liandike jina lisije likachanganywa na vyombo. Siku ya kwanza ukiamka ule mkojo wa asubuhi umwage bila kuupima sababu ni wa jana, kuanzia hapo kila ukienda pima, andika saa na kiasi kwenye karatasi, mpaka na ule wa kwanza wa kesho yake asubuhi. Andika pia ulichokunywa, na chai na supu na soda na tikiti maji viko humo humo, na kama mkojo ulikubana ghafla au ulichuruzika andika. Fanya hivyo siku tatu, hazina haja ya kufuatana, ila moja iwe ya kazini.

Mfano mtu akipata mara 14 na jumla ya siku ni mililita 1,400, wastani wake ni 100 kila mara. Jumla ni ya kawaida kabisa, ila kibofu hakivumilii kujaa. Mwingine kaenda mara 9 tu lakini jumla ni 4,050, yani 450 kila mara, huyo kibofu chake kizima, swali ni maji yote hayo yanatoka wapi. Ukizidi lita 3 kwa saa 24 hiyo tayari ni mkojo mwingi kupita kawaida. Alafu yupo wa tatu, mchana yuko sawa, usiku ndo balaa: jumlisha mkojo wote baada ya kulala pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi, kwa mtu mzima wa umri mkubwa ukizidi theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, tatizo lako ni la usiku peke yake na lina sababu zake.

Usisubiri siku tatu za kopo kama una mojawapo ya haya, nenda leo: damu kwenye mkojo hata kama ilitoka mara moja na haiumi, homa na maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu na kutapika, hapo maambukizi yanaweza kuwa yamepanda kwenye figo, tumbo la chini limejaa linauma na mkojo hautoki kabisa au unadondoka matone, miguu imeanza kuishiwa nguvu au ganzi sehemu za kukalia na mkojo au choo vinatoka bila kujijua, kiu kali na kukonda, kutapika na kuhema kwa kasi. Mjamzito mwenye homa asisubiri. Na mtoto aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani alafu kaanza tena, anakunywa maji sana na anakonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, usimchape wala usimsimange, kisukari cha watoto kinaenda kasi sana.

Mkojo ni mwingi kila mara

Sukari kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Sukari ya damu ikifika kama 10 kwenye mashine figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na inavuta maji kuondoka nayo, ndo maana unakojoa sana na kiu haiishi. Hujala usiku kucha ukapima asubuhi ukakuta 7.0 au zaidi, au muda wowote 11.1 au zaidi huku una dalili, hicho ni kisukari. Kama huna dalili kali watarudia kipimo siku ingine kuhakikisha. Hii habari ya kusubiri sisimizi wajae chooni ndo ujue una sukari naomba iachwe, wengine sisimizi hawaonekani kabisa na sukari iko juu, chooni kwenyewe kunasafishwa kila siku. Alafu usijinyime maji ili usikojoe, ukiwa na sukari ya juu kujinyima maji ni hatari.

Sukari ikiwa safi angalia karatasi yako upande wa vinywaji. Siku hizi kuna hii kunywa lita moja na nusu kwa mkupuo ukiamka, alafu chupa kubwa mezani ofisini, jioni ingine, kisha mtu anashangaa kwanini anakojoa lita nne. Kilichoingia lazima kitoke. Kunywa ukisikia kiu, mkojo ukiwa na rangi ya njano hafifu umetosha. Bia nazo zinazuia ile homoni inayoziambia figo zirudishe maji, ndo maana ukikaa baa unakwenda chooni kuliko ulivyokunywa.

Baada ya hapo dawa. Wenye presha wengi wako kwenye kidonge cha kutoa maji, hidroklorothiazaidi, bendrofluazaidi au Lasix, na hakuna aliyewaambia kazi yake ni hiyo. Kuna dawa za kisukari pia, dapagliflozini na empagliflozini, zinafanya kazi kwa kuitoa sukari kwenye mkojo, kwaiyo utakojoa zaidi na kipimo cha mkojo kitaonyesha sukari hata kama ya damu iko vizuri. Usiache mwenyewe, ongea na daktari muda wa kumeza ubadilishwe. Lithiamu kwa wanaoitumia inaweza kuharibu uwezo wa figo kubana maji. Zikibaki lita nne tano za mkojo mweupe kama maji na sukari haipo, hapo wanapima chumvi za damu, kalsiamu, figo na ile homoni ya kurudisha maji, na hiyo ni kazi ya hospitali ya rufaa.

Mkojo kidogo kidogo, unachoma au unauma

Hapa ndipo UTI ya kweli inapokaa: kuchoma, kubanwa muda wote, mkojo wa ukungu, harufu, tumbo la chini linauma. Ipo na ni ya kawaida sana kwa wanawake. Ninachopigana nacho ni hili jina UTI sugu, mtu anapewa kila mkojo ukionyesha pus cells mbili tatu. Seli za usaha zinasema tu kuna kitu kinawasha njia ya mkojo, hazisemi ni bakteria gani wala kama ni bakteria. Na mkojo uliochukuliwa vibaya ukachanganyika na uchafu wa ukeni utaonyesha seli kila siku.

Kwaiyo kama dozi ya kwanza haijakuponya, au imerudi ndani ya wiki chache, dai kipimo cha kuotesha mkojo. Unajisafisha kwa maji, unaacha ule wa mwanzo uende, unakinga wa katikati, unapeleka maabara ndani ya saa moja au mbili, na hii ifanyike KABLA hujameza antibayotiki yoyote. Majibu ni siku mbili tatu, yanakuambia ni mdudu gani na dawa gani inamuua na ipi ameshaizoea. Hela ya dozi za kubahatisha bora uiweke kwenye kipimo hicho. Na kama ameota alafu dawa ikawa sahihi, maliza siku zote ulizoandikiwa.

Mwanaume mwenye UTI inayojirudia asitibiwe tu akaachwa, lazima itafutwe sababu, iwe tezi dume, jiwe au mkojo unaobaki. Bibi au babu ambaye hana dalili yoyote ila mkojo umeotesha bakteria, kwa kawaida haitaji dawa. Mjamzito ni kinyume chake, hata kama hasikii kitu akikutwa na bakteria anatibiwa, ndo maana mkojo wa kliniki usikwepwe.

Kimeotesha, hamna bakteria, na bado unachoma? Fikiria gono na klamidia, hasa usaha ukitoka au mwenza ana dalili, na mtibiwe wote wawili. Fikiria fangasi za ukeni. Kwa mama aliyekoma hedhi ukavu wa uke unafanya kibofu kiwashe na kubana, kuna krimu ya homoni inayopakwa inasaidia sana na wengi hawajui kama ipo. Sabuni, ndimu na majivu ya kuoshea ndani viachwe, vinaunguza na kuua bakteria wazuri. Usaha mwingi, kuotesha hakuoti kitu, na mtu anakonda au aliwahi kuugua kifua, aulizie TB ya njia ya mkojo, ipo na inasahaulika. Na kuna watu kibofu kinauma kikijaa kinapoa wakikojoa, vipimo vyote safi miezi na miezi, huo nao ni ugonjwa wa kibofu unaojulikana, sio uzushi wala sio kichwani kwako.

Kichocho nataka nikae nacho kidogo. Kama umekulia Unguja au Pemba, Tanga, Kwale, Kilifi, kanda ya ziwa, mahali popote ulipooga au kulima mpunga kwenye maji yaliyotulia yenye konokono, hata kama ilikuwa utotoni na sasa unaishi ghorofani mjini, au uko Muscat au London, mtaje daktari habari hiyo maana huko nje hawezi kuiwaza mwenyewe. Minyoo yake inaishi mwilini miaka. Dalili ni mkojo wa mara kwa mara, kuchoma, na damu mwishoni mwa mkojo. Mkojo wa kutafuta mayai unachukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana maana ndo mayai yanatoka kwa wingi, na mwishoni kabisa mwa kukojoa ndo wa maana kuliko wa mwanzo. Ukipeleka wa saa 12 asubuhi unaweza kuambiwa huna. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida siku moja, unapimwa uzito unahesabiwa vidonge. Kwa wanawake kinaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi, mtu akatokwa damu baada ya tendo, akaonekana ana magonjwa ya zinaa na ndoa ikaingia mgogoro bure. Kikiachwa miaka mingi kinaharibu figo na kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kidogo kidogo, hakiumi

Mzee wa miaka 50 kwenda juu, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa unyonge, unakatika katika, ukimaliza unahisi umebaki na usiku unaamka, hiyo ni picha ya tezi dume iliyokua. Kipimo muhimu ni utrasaundi mara mbili, kibofu kikiwa kimejaa na baada ya kukojoa, waone mkojo uliobaki. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, nayo inapimwa lakini inapanda hata kwa maambukizi, hata kwa kutoa mbegu siku moja mbili kabla, kwaiyo namba ikiwa juu kidogo usianze kuaga watoto. Daktari anaweza kupima kwa kidole njia ya haja kubwa, sekunde chache tu, na wazee wengi wanakimbia hospitali kwa ajili ya hicho. Baba zetu naomba mkubali. Tamsulosini inalegeza njia ndani ya siku chache, ila inuka taratibu kitandani maana inaleta kizunguzungu, finasteridi inapunguza tezi lenyewe na inachukua kama miezi sita. Na mwenye tezi asimeze ovyo dawa za mafua, zile zenye kuzibua pua na zile za kuleta usingizi kama Piriton zinaweza kuziba mkojo kabisa. Mirungi nayo inabana.

Kwa mwanamke, kama hedhi imepitiliza pima mimba kwanza. Uvimbe kwenye kizazi unakikandamiza kibofu, kizazi kilichoshuka baada ya uzazi nacho kinakivuta, kwaiyo utrasaundi na kupimwa na daktari wa akina mama. Kwa wote, choo kigumu cha siku nne kinakibana kibofu kwa nyuma, watoto hasa, ukitibu choo mkojo unatulia wenyewe.

Kikibaki kibofu chenyewe kinachojikaza kabla hakijajaa, mkojo unabana ghafla na unakimbia, hicho ni kibofu chepesi na kinafundishika. Anza kwa kupunguza chai ya rangi, kahawa na energy wiki mbili uone. Alafu angalia karatasi yako, kama unavumilia saa moja, hiyo ndo ratiba yako wiki hii, kila saa moja, sio kabla. Wiki ijayo ongeza dakika 15, na uendelee hivyo mpaka ufike saa tatu. Ukibanwa kabla ya muda simama tuli au kaa, usikimbie, kaza misuli ile unayozuia nayo ushuzi mara tano sita harakaharaka, wimbi linapita, ndo utembee. Misuli hiyo hiyo ifanyie mazoezi kila siku, kaza sekunde chache, legeza muda ule ule, mara kumi, asubuhi mchana na usiku, daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaeleza 1948 na hadi leo ndo yanayoelekezwa. Subiri wiki 6 mpaka miezi 3. Na acha kwenda chooni "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani, unakizoesha kibofu kudai kikiwa na kidogo. Ikishindikana zipo dawa, solifenasini, tolterodini, mirabegroni, ila oksibutinini kwa bibi na babu inaweza kuleta kuchanganyikiwa na choo kigumu, na dawa za kutuliza kibofu hazianzishwi kabla ya kujua mkojo unaobaki ni kiasi gani.

Usiku tu

Angalia miguu jioni. Soksi zikiacha alama, ukibonyeza panabaki shimo, maji yameteremka mchana kutwa na ukilala yanarudi kwenye damu na figo zinayatoa. Inaweza kuwa moyo, figo, mishipa ya miguu au kidonge cha presha cha amlodipini kinachovimbisha miguu. Moyo na figo vipimwe, na wakati huo inua miguu juu ya mto kwa muda wa saa moja au mbili wakati wa alasiri ili maji yatoke kabla ya kulala, punguza chumvi, na muulize daktari kama Lasix inaweza kumezwa alasiri badala ya asubuhi. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi inakatika, mchana anasinzia, akipimwa na kutibiwa shida hiyo ya pumzi mkojo wa usiku unapungua. Uji na supu na tikiti visiwe vya saa 3 usiku. Mzee wa kuamka awekewe taa na kopo karibu, kuvunjika nyonga njiani kwenda chooni ni kubaya kuliko mkojo wenyewe.

Kuishi nayo wakati unatafuta

Safari ya basi, mwambie konda mapema kabla hamjaondoka stendi, sio mkiwa porini, kaa siti ya korido, chai ya asubuhi iache, maji kunywa kidogo kidogo, na basi likisimama kuchimba dawa shuka hata kama hujabanwa sana, siku ya safari ratiba ya mafunzo isimame. Usikaushe kabisa maji, mkojo mzito unawasha kibofu na unaleta mawe. Anayevuja mkojo asiweze kuuzuia na ameacha kwenda msikitini kwa aibu, azungumze na sheikh wake, mwenye udhuru huo anatia udhu wakati wa sala ukishaingia na anaswali. Na hizo chupa zinazouzwa mtandaoni kwamba moja inatibu UTI sugu, tezi dume, kibofu na sukari, jiulize tu, sukari na tezi dume zinatibiwa vipi na kitu kimoja.

Siku ya hospitali beba karatasi ya siku tatu, orodha ya dawa zote pamoja na zile za mtaani, na majina ya antibayotiki ulizomeza mwaka huu na lini. Siku ya kwanza omba sukari, mkojo wa kawaida na wa kuotesha, kazi ya figo, na utrasaundi yenye kipimo cha mkojo unaobaki. Na ukifika foleni ya mapokezi umebanwa usikimbilie chooni kwanza, uliza kama wanataka mkojo, sababu ukishaumwaga utakaa pale saa mbili unakunywa maji kusubiri mwingine, na huo wa maji mengi umeshazimuliwa, haufai sana kwa kipimo.